Golikipa Hapimwi kwa Hesabu ya Magoli

Katika mchezo wa mpira hakuna mtu anayehukumiwa upesi kama golikipa. Mshambuliaji akipoteza nafasi tano na kufunga moja, jioni watu wanamwimbia. Golikipa akiokoa mipira tisa na kuachia mmoja, jioni watu wanautaja ule mmoja tu. Tena wanaomhukumu hivyo si adui zake. Ni watu wa mtaa wake, wanaosali naye kanisa moja na kununua unga duka moja. Sisi twaona kwamba hukumu ya namna hii haina haki. Na ubaya wake wa pili ni kwamba haimfundishi mtu kitu.

Basi, wasomaji wapenzi, leo twataka kuitazama kazi ya golikipa kama vile seremala atazamavyo meza iliyotengenezwa na seremala mwenzake. Hatazami rangi kwanza. Anainama, anatazama viungo. Tutachukua watu wawili ambao kila mpenda mpira wa Kongo awajua: Kazadi Mwamba, aliyesimama golini kwa nchi yetu katika Kombe la Dunia la mwaka 1974, na Robert Kidiaba Muteba, aliyesimama golini siku TP Mazembe ilipocheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu, mwaka 2010.

Wote wawili waliivaa jezi ya ekipe moja ya Lubumbashi. Ekipe hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, ili vijana wa shule wapate mchezo. Baadaye iliitwa Englebert, na kwa jina hilo ilitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika mara mbili mfululizo, 1967 na 1968. Kazadi ni wa kizazi kile. Alikuwamo pia katika ekipe ya taifa iliyoifunga Ghana 1 kwa 0 huko Addis Ababa mwaka 1968, na katika ile iliyotwaa kombe la Afrika huko Misri mwaka 1974, ilipobidi fainali na Zambia irudiwe baada ya sare ya 2 kwa 2. Kidiaba naye alitwaa kombe la klabu bingwa mwaka 2009, 2010 na 2015. Watu wa namna hii hawakupata vikombe kwa kuokota njiani.

Lakini ukiuliza leo, Kazadi ni nani? Utajibiwa: «Ni yule wa magoli tisa.» Na Kidiaba ni nani? «Ni yule aliyekuwa akiruka kwa makalio.» Mmoja amefunikwa na aibu, mwingine amefunikwa na kichekesho. Kazi yao yenyewe imepotea katikati.

Tuanze na aibu, maana aibu ndiyo inayoumiza. Mwezi wa Juni mwaka 1974, huko Ujerumani ya Magharibi, ekipe yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, ilicheza michezo 3. Ilifungwa na Scotland 2 kwa 0, na Yugoslavia 9 kwa 0, na Brazil 3 kwa 0. Jumla magoli 14, na sisi hatukufunga hata moja. Hesabu hii yote watu wameipakia kichwani pa mtu mmoja. Sasa tuihesabu vizuri. Katika mchezo wa Yugoslavia, Kazadi alitolewa uwanjani dakika ya 21, ekipe yake imekwisha kufungwa 3. Aliyeingia ni Tubilandu Ndimbi, na kabla hajazoea hata majani ya uwanja, dakika ya 22, goli la 4 likaingia. Magoli 6 ya mwisho yalimpata Tubilandu, si Kazadi. Kazadi alifungwa 2 na Scotland, 3 na Yugoslavia, 3 na Brazil: ndiyo 8. Anayesema «Kazadi wa magoli tisa» amemtwika mtu mzigo wa mwenzake.

Hata hivyo, kupunguza hesabu hakutoshi. Nane nayo ni mingi. Lazima tuulize swali la fundi: katika hayo manane, lipi ni kosa la golikipa, na lipi si lake?

Ili kujibu swali hilo lazima kwanza tujue tunachotazama. Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa kwenda juu wa mita 2.44. Hakuna binadamu awezaye kuufunika mlango huo kwa mikono yake. Penalti hupigwa kutoka mita 11. Shuti lenye mwendo wa kilometa 100 kwa saa hufika mstarini kwa muda wa sekunde 0.4 hivi, yaani kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho vizuri. Kwa hiyo golikipa hashindi kwa kuruka tu. Anashinda kwa yale anayoyafanya kabla ya kuruka. Hayo sisi tunayaweka katika mafungu manne.

La kwanza ni miguu. Golikipa mzuri husogea kwa hatua fupi fupi mpira unapohama, naye hutafuta kusimama kati ya mpira na katikati ya goli. Akisogea mbele kidogo, mpigaji huona goli limekuwa dogo. Lakini mpigaji anapoinua mguu, golikipa lazima awe amesimama imara: miguu imeachana kadiri ya mabega, magoti yamelegea, uzito uko mbele ya nyayo, si kisiginoni. Anayepigiwa shuti huku bado anatembea amekwisha kufungwa nusu.

La pili ni mikono. Mpira wa juu hudakwa kwa viganja vilivyo karibu, vidole gumba vikikaribia kugusana, na kifua kiwe nyuma yake. Mpira wa chini hupokewa kwa vidole vikitazama ardhi, na goti moja linashuka kufunga pengo. Sheria ni moja tu: nyuma ya mikono kuwe na mwili, ili mkono ukikosea, mwili usamehe. Na mpira usiodakika husukumwa pembeni, kamwe si mbele, miguuni pa adui.

La tatu ni kutoka. Mpira wa krosi unapokuja, golikipa anaamua mara moja: nakwenda au nabaki. Akienda, aende mpaka mwisho. Akibaki, abaki kweli. Anayekwenda nusu njia na kurudi amelikosa lango na ameukosa mpira.

La nne ni sauti. Golikipa ndiye pekee anayeuona uwanja wote mbele yake. Ndiye anayepanga ukuta wa mpira wa adhabu, ndiye anayemwambia beki: mtu yuko nyuma yako. Golikipa bubu, hata akiwa na mikono ya chuma, ni kama mlinzi wa usiku aliyemwona mwizi akanyamaza.

Sasa turudi Ujerumani tukiwa na kipimo hiki mkononi.

Mchezo wa Scotland, goli la kwanza: Joe Jordan alishusha mpira kwa kichwa, Peter Lorimer akaupiga kwa nguvu kabla haujagusa chini. Hapo hatumlaumu Kazadi. Shuti la namna ile, kutoka karibu vile, huwafunga makipa wa nchi zote. Goli la pili ni jambo lingine. Mpira wa adhabu uliletwa, mabeki wetu wakasimama wakidhani kuna kosa la kuotea, Jordan akabaki peke yake akapiga kichwa. Ule mpira ulimwendea Kazadi mwenyewe, ukampita mikononi. Hapa twasema bila kuficha: mabeki walikosa nusu, na golikipa alikosa nusu. Mikono ilifika, mwili haukuwa nyuma ya mikono. Ni kosa la ufundi, la fungu la pili.

Mchezo wa Yugoslavia, wafungaji wa magoli matatu ya kwanza ni Bajević dakika ya 8, Džajić dakika ya 14 kwa mpira wa adhabu, na Šurjak dakika ya 18. Watu husema: magoli matatu katika dakika 18, golikipa gani huyo? Sisi twauliza: ekipe gani hiyo? Wachezaji wenyewe walieleza miaka ya baadaye kwamba waliingia uwanjani siku ile mioyo imekwisha kuvunjika, kwa sababu fedha walizoahidiwa hawakuzipata. Ekipe isiyotaka kukimbia haina ulinzi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ule mpira wa adhabu wa Džajić twaweza kuujadili, maana ukuta ni kazi ya sauti ya golikipa. Lakini ukuta wa watu wasiosikiliza hautajengwa na sauti yo yote.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo kwetu ndilo kosa kubwa la siku ile: kumtoa golikipa dakika ya 21. Mwalimu wa ekipe, Blagoje Vidinić, alikuwa Myugoslavia, tena zamani alikuwa yeye mwenyewe golikipa wa taifa lake. Sababu za uamuzi ule zilielezwa kwa namna nyingi, nasi hatutaki kuchimbua ya ofisini. Tunapima tendo lenyewe. Je, dawa iligusa ugonjwa? Hapana. Mabeki waliosimama wakati wa Kazadi waliendelea kusimama wakati wa Tubilandu. Dakika ile ile ya goli la 4 kukatokea ugomvi na mwamuzi, na Ndaye Mulamba akafukuzwa kwa kosa la mwenzake, wakabaki 10. Kipindi cha kwanza kikaisha 6 kwa 0. Kumtoa golikipa kulionyesha ulimwengu wote nani mwenye hatia, kabla shauri halijasikilizwa. Tangu siku ile watu hawakuuliza tena.

Siku 4 baadaye, tarehe 22 Juni, Kazadi alirudi golini mbele ya Brazil. Tufikiri kidogo juu ya mtu huyu. Alitolewa mbele ya macho ya mataifa, akarudi kusimama mbele ya Jairzinho na Rivelino. Kwa dakika 65 Brazil walikuwa wamefunga 1 tu. Rivelino akaongeza la pili dakika ya 66. Wabrazil walihitaji magoli 3, kwa kuwa kwa 2 wangetoka wao na Scotland wangeendelea. Dakika ya 79 Valdomiro akapiga kutoka upande wa kuume, shuti lisilo kali sana, na mpira ukampita Kazadi chini, upande wa mti uliokuwa karibu naye. Goli hilo lilirudisha Scotland nyumbani.

Hilo ni kosa lake, na ni kosa kubwa. Mti wa karibu ni mali ya golikipa. Ndio mti anaopaswa kuufunga kwanza. Mwenye kumpenda Kazadi asitafute udhuru hapo. Lakini tazameni sasa hesabu ya mwisho: katika magoli 8, mawili twaweza kuyaandika juu yake bila shaka, la Jordan na la Valdomiro. La mpira wa adhabu twaliweka katika mashaka. Mengine ni ya ekipe nzima. Hiyo ndiyo hukumu yetu: golikipa mzuri, ambaye mikono yake ilimwangusha mara mbili katika mwezi mgumu. Si golikipa mbovu. Na tofauti ya maneno haya mawili ni jina la mtu, ambaye amekwisha kufariki na hawezi kusimama kujitetea.

Tumgeukie Kidiaba. Yeye shida yake ni kinyume. Goli likifungwa na wenzake, alikaa chini na kurukaruka kwa makalio akizunguka uwanja, na nywele zake za kusuka zikirukaruka pamoja naye. Huko Abu Dhabi mwezi wa Desemba 2010, dunia ilicheka na kupiga makofi. TP Mazembe iliifunga Pachuca ya Mexico 1 kwa 0, kisha Internacional ya Brazil 2 kwa 0, ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali ile. Magazeti yakajaa picha za kurukaruka. Lakini michezo miwili ilikwisha bila golikipa yule kufungwa hata goli 1, mbele ya watu wa Mexico na wa Brazil. Hilo picha haikulionyesha.

Sisi hatuna neno juu ya furaha yake. Mtu akifurahi bila kumtukana mwenzake, mwacheni afurahi. Twasema tu kwamba furaha si ufundi, na wala si kosa la ufundi. Kidiaba wa kupimwa ni yule wa kabla ya goli. Na huyo alikuwa na fungu la tatu kwa wingi: alikuwa mtu wa kutoka. Hakukaa mstarini akingoja. Alimfuata mshambuliaji na kumpunguzia goli, naye alijua kuokoa kwa miguu na kwa mwili mzima pale mikono isipofika. Kwa mtu aliyekuwa na miaka 34 wakati ule, wepesi huo hauji kwa kuzaliwa tu. Huja kwa mazoezi ya kila siku.

Mtindo huo una bei yake. Katika fainali Inter ya Milano ilifunga magoli 2 ndani ya dakika 17, kwa Pandev na Eto'o, na dakika ya 85 Biabiany akamzunguka Kidiaba aliyekuwa ametoka, akalitia la 3. Wengine walisema: angebaki golini. Sisi hatukubali. Mshambuliaji akija peke yake, golikipa anayebaki mstarini humwachia goli lote. Kutoka kulikuwa uamuzi wa haki uliokosa bahati. Mpimaji mwema hutenga uamuzi na matokeo yake. Uamuzi mzuri huweza kuzaa goli, na uamuzi mbaya huweza kuokolewa na mti.

Kipimo cha mwisho ni kudumu. Tarehe 1 Februari 2015 Kidiaba alitimiza miaka 39, na tarehe 7 ya mwezi ule ule Kongo ilitwaa nafasi ya 3 ya Afrika mbele ya Guinea ya Ikweta, kwa penalti 4 kwa 2 baada ya 0 kwa 0. Golikipa anayeitwa na taifa akiwa na umri ule hakuitwa kwa ajili ya kichekesho.

Jambo moja lazima tuliongeze, ili tusiwapime watu wawili kwa fimbo moja. Wakati wa Kazadi, beki aliyebanwa aliweza kumrudishia golikipa mpira kwa mguu, naye akaudaka na kupumua. Tangu mwaka 1992 sheria inakataza. Mpira uliopigwa kwa makusudi kwa mguu wa mwenzake, golikipa haruhusiwi kuushika kwa mikono. Kidiaba alilazimika kuwa na miguu ya beki. Kazadi hakuombwa kitu hicho. Basi asije mtu akasema huyu ni bora kuliko yule kwa sababu alicheza zaidi kwa miguu. Kila mmoja alijibu maswali ya mtihani wake.

Haya yote yana faida gani kwetu parokiani? Yanayo. Tazameni jinsi tunavyomchagua golikipa katika michezo ya vijana wetu. Mtoto asiyejua kukimbia, mnene, au aliyechelewa kufika, ndiye anayeambiwa: «Wewe kaa golini.» Hakuna anayemfundisha miguu, hakuna anayemfundisha mikono. Akiruka sana bila sababu, tunapiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akifungwa, tunamzomea, na mara nyingi tunambadilisha papo hapo, dakika ya 21, kama walivyofanya wale. Jumapili inayofuata mtoto haji. Wengine hawaji mpirani wala katika chama cha vijana.

Tungependa walimu wa michezo wafanye mambo machache yasiyohitaji fedha. Wamchague golikipa kwa kusikia sauti yake na kutazama macho yake, si kwa kuangalia nani amebaki. Wampe nusu saa yake katika kila mazoezi: hatua fupi, goti chini, mwili nyuma ya mikono. Na akifungwa, wasimwulize «kwa nini umeachia?» bali wamwulize, «Ulisimama wapi mpira ulipopigwa?» Swali la kwanza ni la kumtia haya. La pili lina jibu, na mtoto mwenye jibu hurudi kesho.

Nasi watazamaji, mchezo ujao, mpira ukiwa mbali, tuache kidogo kuufuata kwa macho na tumtazame golikipa. Je, anasogea? Anasema na mabeki? Amesimama imara kabla ya shuti? Tukiona hayo ndipo tuseme ni mzuri au ni mbaya, hata ubao ukionyesha nini.

Na mwenye kuwasimulia watoto wake habari za mwaka 1974, aanze na hesabu iliyo kweli: Kazadi Mwamba alifungwa mara 8, si 14, na siku 4 baada ya kutolewa, alirudi akasimama golini.